Uji Hauliwi

Alipofikisha miaka miwili na miezi mitatu, binti wa kaka yangu alikuwa bado anamwita baba yake mama.

Hakuwa amekosea. Alilenga baba, sauti ikatokea puani, ikatufikia ikiwa mama. Herufi b inataka pumzi ifungiwe kidogo nyuma ya midomo kisha iachiwe kwa ghafla, na yeye hakuwa na mahali pa kuifungia. Kaakaa lake lilikuwa wazi katikati, kutoka nyuma ya meno hadi kwenye kimio, kama paa lililoachwa bila kofia. Pumzi ilipanda, ikatafuta njia nyepesi, ikatoka. Kwa hiyo bibi yake, ambaye ni mama yetu mimi na kaka, aliitwa mimi. Uji ulikuwa unyi. Akiulizwa kama ameshiba, na hajashiba, alijibu mano, yaani bado. Nyumbani kwao Ushetu Kisukuma na Kiswahili vinagawana siku, na katikati yake mtoto huyu alikuwa na lugha ya tatu, ya puani, ambayo watu wanne tu duniani waliielewa.

Nilikuwa na daftari la maneno yake. Niliyaandika kwa furaha ambayo sasa siijui vizuri. Nilipenda kwamba mtu anaweza kumwita bibi yake mimi.

Alizaliwa na mdomo pia umepasuka, upande wa kushoto, hadi ndani ya pua. Wifi yangu hakuweza kumnyonyesha. Mtoto alivuta hewa tupu, na kilichoingia kikarudi kwa njia ya pua. Alikamua maziwa kwenye kikombe, akamketisha mtoto wima mapajani, akamtilia tone kwa tone kwa kijiko, na kila mlo ulichukua muda wa kutosha kufunga mafungu kadhaa ya tumbaku. Majirani walisema alikula nyama ya sungura akiwa mjamzito. Wifi yangu hapendi sungura hata akiwa hai. Aliacha kubishana baada ya wiki ya pili, akawa anamfunika mtoto na kanga akienda kisimani.

Mdomo ulishonwa akiwa na miezi mitano, madaktari wa upasuaji wa aina hiyo walipopita mkoani. Alirudi na mstari mwembamba chini ya pua na uso ambao ilibidi tujifunze upya. Wifi yangu alimwangalia siku tatu nzima.

"Siku hizi anacheka kidogo," aliniambia. "Zamani kicheko chake kilijaa uso wote."

Kaakaa lilipaswa kufuata baada ya kutimiza mwaka. Mara ya kwanza alipatikana na homa, akarudishwa. Mara ya pili tulisubiri wito ambao haukuja. Katikati ya hapo maneno yalianza kuja, na maneno hayangoji upasuaji. Mwalimu wa matamshi tuliyeonana naye mara moja alitueleza kwa utulivu kwamba kila mwezi unaopita, ulimi unajifunza njia za panya. Baadaye hata kaakaa likizibwa, ulimi unaendelea kupita humo humo.

Kaka yangu ni mchimbaji upande wa Geita. Si wa mgodi mkubwa. Anashuka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, kwa kamba na winchi ya mkono, na mawe yakishapanda yanapelekwa kwenye karasha kusagwa. Huja nyumbani kila baada ya wiki kadhaa akiwa na vumbi kwenye nyusi ambalo haliishi kwa kuoga mara moja. Siku moja wifi alimpigia simu akiwa na wenzake wakila. Kaka aliweka simu kwenye spika, kwa majivuno ya baba anayetaka watu wamsikie mwanawe.

"Mama!" mtoto aliita. "Mama! Mama!"

"Mama, unaitwa na mwanao," mmoja wao akasema, wakaangua kicheko.

Tangu hapo hilo likawa jina lake machimboni. Mama, shuka. Mama, leta tochi. Mama leo amekasirika, msimguse. Alinisimulia mwenyewe nilipokutana naye Kahama, akiigiza sauti zao moja moja, na alikuwa mwigizaji mzuri. Kisha akaacha.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sina shida na utani. Nataka aniite mara moja tu. Baada ya hapo aniite anavyotaka."

Ndipo ujumbe ukaja kwamba timu ya upasuaji ingekuwa hospitalini Kahama kwa wiki moja, na kwamba jina la mtoto lipo. Siku yake ilikuwa ya mwisho, Ijumaa. Jumamosi wangefunga masanduku na kuondoka, na tulipouliza watarudi lini, waliotujibu walikuwa wakweli: hawakujua.

Wifi na mtoto walifikia kwangu Nyasubi, hapo hapo mjini Kahama, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la magodoro. Siku mbili mtoto alizunguka na vitabu vyangu, akivifungua na kuvifunga kama milango. Alhamisi mchana tukaingia wodini. Kulikuwa na watoto watano wa kufanyiwa upasuaji kesho yake, kila mmoja na mtu wake, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kushika majina, kila mtu mzima aliitwa kwa kitanda alichokaa. Wifi yangu akawa Mama Kitanda cha Tatu. Aliyekuwa upande wa dirishani, mke wa mfanyabiashara wa Nyasubi, mwenye ushungi na Kiswahili cha watu waliokulia karibu na bahari, alikuwa Mama Kitanda cha Nne. Kwenye Kitanda cha Tano palikuwa na bibi mmoja kutoka vijijini, aliyemleta mjukuu wa miezi sita kushonwa mdomo.

Alasiri akaja daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kitambaa cha maua. Alieleza kwa nini tumbo la mtoto linapaswa kuwa tupu. Dawa ya usingizi inalegeza koo, alisema. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mtoto hawezi kukohoa kwa sababu amelala. Nesi akauliza nani hapa anajua Kisukuma vizuri. Nikainua mkono. Nilitafsiri maelezo ya daktari, na nilitafsiri vizuri. Niliona nyuso zikibadilika pale pale zilipopaswa kubadilika.

Daktari akaenda zake, nesi akamalizia na maagizo. Alikuwa mgeni mkoani, akizungumza kwa kasi ya mtu ambaye zamu yake imekwisha.

"Watoto wa kesho wasile kitu chochote kuanzia saa sita usiku. Maji meupe wanaweza kunywa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo, hakuna."

Nikayaweka katika Kisukuma. Nilisema: kula, mwisho saa sita usiku, kunywa, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Tafsiri hiyo ilikaa vizuri mdomoni. Ilikuwa na pande mbili zilizolingana, kula upande huu, kunywa upande ule, na kila upande na saa yake. Nakumbuka kwamba niliridhika nayo. Nakumbuka pia kwamba bibi wa Kitanda cha Tano aliirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza wimbo mfupi.

Neno maji lilikuwa limenidondoka. Sikulisikia likidondoka.

Mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja tu wa kulala naye, kwa hiyo nilirudi kwangu. Asubuhi saa moja na nusu nilifika na chupa ya chai ya wifi. Mtoto wa Kitanda cha Nne alikuwa akilia kilio cha njaa, kirefu, kisicho na hasira tena. Wa kwetu alikuwa ameketi kitandani akiimba. Alikuwa anavua soksi ya mguu mmoja na kuivaa mkononi.

"Wenu huyo ni malaika," Mama Kitanda cha Nne alisema, akimtikisa wa kwake begani. "Wangu amenipigia kelele toka adhana. Mmempa nini?"

"Hana shida huyu," wifi alijibu.

Nesi alipita na karatasi zake. Hakuwa yule wa jana. Alisimama miguuni pa kila kitanda na kuuliza swali moja.

"Amekula?"

"Hajala," alisema wifi yangu, kwa Kiswahili chake cha tahadhari.

Nesi akaweka alama. Alipofika Kitanda cha Tano akauliza hilo hilo, na bibi naye, aliyejua maneno hayo mawili, akajibu hilo hilo. Alama ya pili.

Wa kwetu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Walileta gauni dogo la kijani, la kufunga nyuma, nikapewa kazi ya kumvalisha. Nilipovuta blauzi yake kupitia kichwani niliona kwenye kola doa la kijivu lililokauka, lenye kingo kama ramani ya nchi ndogo. Nililinusa. Ulezi.

"Nini hiki?" niliuliza kwa Kisukuma.

"Uji," wifi akasema.

"Amekula uji?"

"Hajala." Aliniangalia kwa mshangao. "Kanywa."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Ulisema kunywa mwisho saa kumi na mbili. Niliomba saa kwa mama yule, nikahakikisha. Nikampa nusu kikombe, nikaacha kabla haijafika." Aliyasema hayo kwa fahari tulivu ya mtu aliyepewa maagizo magumu mahali pa kigeni na akayafuata bila kukosea hata dakika.

Hakuwa amekosea. Uji hauliwi. Hakuna mtu kutoka Ushetu hadi pwani anayekula uji. Nilikuwa nimemwambia anywe, na akanywa.

Nilichofikiri baada ya hapo nakikumbuka kwa mpangilio, na nitakiandika kwa mpangilio. Nilifikiri kwamba nusu kikombe ni kidogo. Nilifikiri kwamba tangu saa kumi na moja na nusu yamepita karibu masaa matatu, na uji wa ulezi, ukiwa mwepesi, haukai. Nilifikiri kwamba alama imeshawekwa. Nilifikiri kwamba leo ni Ijumaa. Baada ya hayo yote ndipo nilipofikiria mapafu. Nilikuwa nimesimama na blauzi mkono mmoja, gauni mkono mwingine, na mtoto, uchi kuanzia kiunoni kwenda juu, akinipa soksi.

Kaka alikuwa koridoni. Alifika kwa basi la asubuhi kutoka Geita, na alikuwa ameketi kwenye benchi huku kofia yake ikiwa gotini kama mtu aliyeitwa shuleni. Nilimweleza.

"Kikombe kizima?"

"Nusu."

"Nusu." Aligeuza kofia. "Ukisema, watamfanyia leo?"

"Sijui. Pengine hapana."

"Na wanarudi lini?"

"Hawajui."

Kwenye mlango wa wodi alipita mtu akisukuma kitanda cha magurudumu, kitupu, kikielekea kwetu.

"Kule kwetu," alisema hatimaye, "mtu akisema kamba imechakaa, hatushuki. Hata kama chini tumeshaona mkanda wa dhahabu kwa macho. Tunamtukana aliyesema, tunamtukana kweli kweli. Lakini hatushuki." Akaivaa kofia. "Nenda kaseme."

Nikasema. Nesi alifumba macho, akayafumbua.

"Nani mwingine?" aliuliza.

Swali hilo halikuwa limenijia. Nilikuwa nimetafsiri kwa wodi nzima, na tangu nilipoona lile doa nilikuwa nimemfikiria mtoto mmoja. Tulipita vitandani pamoja. Kitanda cha Kwanza, mama alikuwa Msumbwa aliyeelewa Kiswahili cha nesi bila mimi, alimpa mtoto maji tu. Kitanda cha Pili, mtoto alilala fofofo, hakupewa kitu. Bibi wa Kitanda cha Tano alitoa kikombe chini ya kitanda, kisafi, kimeoshwa, akatuonyesha hadi wapi uji ulifika. Hadi juu.

"Mtafsiri wewe!" Mama Kitanda cha Nne aliita kutoka dirishani, alipoelewa kinachoendelea. "Mimi hapa najiuliza toka alfajiri, hawa watoto wa wenzangu wamelelewaje, hawalii! Kumbe wenzangu wamestaftahi!" Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya, baba, nyamaza, wewe ndiwe wa kwanza sasa. Njaa yako imekulipa."

Wanawake wakacheka. Hata nesi alicheka, kidogo, kwa pua. Mimi nilisimama hapo.

Daktari wa usingizi hakunigombeza. Alitaka kujua saa, kiasi, uji wa nini, kama ulikuwa na maziwa. Aliandika majibu yangu yote, na nilitamani aandike pia kwamba ni mimi, lakini karatasi yake haikuwa na sehemu hiyo. Alisema uji unahesabiwa kuwa chakula. Masaa sita kamili, kwa hiyo kabla ya saa tano na nusu wasiwaguse watoto hao wawili. Watakaotangulia ni watatu waliobaki. Halafu mjukuu wa bibi, kwa sababu ni mchanga na mdomo hauchukui muda mrefu. Wa kwetu mwisho.

"Kama muda utabaki," alisema. "Meza ni moja, na kaakaa ni kazi ya masaa mawili. Sitaki kukuahidi."

Siku ya kungoja haina mengi ya kusimulia. Jua lilitoka kwenye dirisha moja likaingia kwenye jingine. Mtoto wa Kitanda cha Nne alipelekwa, akarudi, akakoroma. Mtoto wetu aliruhusiwa maji kidogo kidogo, kwa kipimo, na kufikia mchana alikuwa ameacha kuimba.

"Unyi," alimwambia baba yake.

"Baadaye."

"Mama. Unyi."

Kaka alimbeba koridoni, akaenda na kurudi, akimwonyesha mjusi kwenye taa, tundu la msumari, mchoro wa mikono inayonawa. Kila mara mtoto alikubali kuangalia, kwa heshima, kisha akarudia ombi lake. Mgonjwa mmoja wa kiume, mtu mzima aliyeketi akisubiri dawa, alimsikia akamuuliza kaka kwa nini mwanawe anamwita mama.

"Anatania," kaka akasema.

Wifi yangu hakuniambia neno mpaka karibu saa nane. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za nyuma ya wodi, mahali watu wanapoanika kanga. Alikuwa anakunja na kukunjua ile blauzi yenye doa.

"Wifi," alisema kwa Kisukuma, bila kuniangalia, "ninyi wa mjini huwa mnakula uji?"

"Hapana," nilisema. "Tunakunywa."

"Basi."

Hilo ndilo tu alilowahi kulisema juu ya jambo hilo, na sijawahi kupata la kuongeza.

Mjukuu wa Kitanda cha Tano alichukuliwa saa tisa na kitu. Saa kumi na nusu alirudi, mdomo umeshonwa nyuzi nyeusi ndogo kama nyayo za sisimizi, na bibi yake akasema "wabeja", asante, kwa kila aliyepita, pamoja na mfagizi. Kisha mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Tulisikia vyombo vya chuma vikikusanywa. Kaka alisimama. Nami nilisimama, bila sababu, kama watu wanavyosimama basi linapopunguza mwendo.

Daktari wa upasuaji alitoka. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, mrefu, mwenye alama ya barakoa mashavuni. Aliketi kwenye benchi lile lile la kaka, akanywa chupa ya maji bila kupumzika, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia viatu vyake. Nesi alikuwa mlangoni akisubiri aseme kitu.

"Yule wa uji yuko wapi?" aliuliza.

Nesi akamwonyesha. Mtoto alikuwa begani kwa kaka, macho yamelegea kwa njaa.

"Saa ngapi mara ya mwisho maji?"

"Saa saba na nusu," nilisema. Nilikuwa nimeandika.

Alijinyoosha mgongo. "Leteni yule wa uji."

Kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni ambao ndugu hawaruhusiwi kuuvuka. Kaka alimkabidhi kwa nesi hapo. Mtoto alipotambua kwamba mikono imebadilika alipiga kelele, akijinyoosha nyuma juu ya bega la nesi, mkono wenye soksi ukielekea kwetu.

"Mama! Mama!"

"Mama yake, sogea basi, anakuita," nesi alimwambia wifi yangu. "Mshike mkono, atulie."

"Haniiti mimi," wifi akasema, kwa Kiswahili, wazi kabisa. "Anamwita baba yake."

Nesi alimwangalia kaka. Kaka alitoa mkono kuvuka mstari, mwili ukabaki upande huu, akashika ile soksi mpaka nesi alipogeuka kuingia mlangoni.

Alirudi jua likizama, mikono yote miwili imefungiwa vipande vya boksi kwenye viwiko ili isikunjike, asije akaingiza vidole kinywani. Alinuka dawa. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na mate ya rangi ya waridi. Tuliinama wote watatu kusikiliza pumzi yake, kwa sababu ilikuwa na sauti mpya, nzito, iliyofungiwa.

Asubuhi nesi wa kwanza, yule wa Alhamisi, alikuwa zamu. Alisimama katikati ya wodi akatoa maagizo ya kwenda nyumbani.

"Wa kaakaa, wiki tatu. Mtoto asile. Anywe tu."

Mama Kitanda cha Nne akaanza kucheka, na wodi nzima ikafuata, na aliyechelewa kuelewa alielezwa na mwenzake akaanza kucheka peke yake wengine walipomaliza.

"Mtafsiri!" Mama Kitanda cha Nne alifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Inuka, mwanangu, zamu yako. Tafsiri. Na leo tunakusahihisha."

Niliinuka. Nilisema kwa Kisukuma maji, maziwa, uji uliochujwa, supu iliyochujwa. Nilisema kwa kikombe, kijiko kisiingie kinywani. Nilisema kisicho na punje, kisicho na nyama, kisicho cha moto. Haikuwa na pande mbili zilizolingana. Ilikuwa ndefu na mbaya kama orodha ya sokoni. Kisha nikamwomba bibi wa Kitanda cha Tano anirudishie neno kwa neno, ingawa mjukuu wake alikuwa wa mdomo na maagizo hayo hayakumhusu, na wifi naye, na wakanirudishia.

Sauti haikubadilika. Nasema hivi kwa sababu nilidhani ingebadilika. Nilidhani mlango ukizibwa, pumzi itageuka yenyewe. Mwezi mmoja ukapita, miwili, na kaka aliendelea kuwa mama kwenye simu na machimboni. Mwalimu wa matamshi alitufundisha michezo: unyoya wa kuku juu ya meza, upulizwe mpaka uanguke, pua ibanwe kwa vidole viwili na mtoto aambiwe aseme pa, pa, pa. Wifi yangu alifanya hivyo kila jioni, kwa usahihi ule ule aliofuatilia nao saa ya uji. Mimi niliandika matokeo kwenye daftari langu. Kurasa nyingi zina neno moja: mama.

Nilikwenda Ushetu wakati tumbaku inakaushwa, moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia, ukiwa umelala chini juu ya mashamba. Kaka naye alikuwa nyumbani kwa siku mbili. Asubuhi tuliketi uani, mama yetu akigawa uji kwa kata. Kaka alikuwa amemshikia mtoto kikombe, maana akishika mwenyewe anamwaga. Kikombe kiliisha.

"Umeshiba?" kaka alimuuliza.

"Bado," mtoto akasema.

Mama yetu aliacha kata juu ya sufuria. Wifi, aliyekuwa anatupa maganda ya viazi kwa kuku, aligeuka.

"Amesema nini?" kaka aliniuliza, kana kwamba lugha hiyo bado ilihitaji mtafsiri.

"Bado."

"Umesikia mwanzo wake? Ba." Alilisema polepole, akilipima midomoni. "Ba. Basi nusu yangu imeshafika."

Akasogeza kikombe, mama yetu akakijaza, akamnywesha mtoto mpaka chini. Tumbo lilikuwa limetuna chini ya kigauni, na uji ulikuwa unatiririka kidevuni. Kila mtu aliona ameshiba.

"Haya. Umeshiba?"

Mtoto alimwangalia. Aliona, nadhani, jinsi tulivyomkodolea macho wote, na akaona kwamba neno lile linapendwa.

"Bado, mama," alisema.

Kaka akanyoosha kikombe tena.